Kakungulu, jemadari aliyegeuka Myahudi

Huku kwetu ziwani, ukitaja Wayahudi na Uganda, wazee hukumbuka mwaka 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya nchi ya Uasin Gishu, kule juu kutoka Kisumu. Mpango huo uliitwa wa Uganda ijapokuwa nchi yenyewe ni ya Kenya, maana hadi mwaka 1902 sehemu hizo zote, na Kisumu ikiwamo, zilihesabiwa kuwa za Uganda. Wayahudi wenyewe waliukataa mwaka 1905. Lakini Uganda ilipata Wayahudi wake hata hivyo, na aliyewaleta ni Mwafrika, Semei Kakungulu.

Alizaliwa Kooki yapata mwaka 1869, akapata sifa Buganda katika vita vya dini, akipigana upande wa Waprotestanti. Apolo Kagwa, Katikiro, hakupatana naye. Basi Kakungulu akaelekea mashariki na askari wake, akaiteka nchi ya Bukedi na kuuanzisha mji wa Mbale. Tusimsifu kupita kiasi: wenyeji waliotekwa hawakuulizwa, na Wapadhola, ndugu zao Wajaluo wa Kisumu, walionja ukali wa mawakala wa Kiganda waliokuja kuwatawala.

Yeye alitumaini kuwa mfalme wa nchi hiyo. Waingereza wakamnyang'anya kidogo kidogo, wakamfanya chifu wa kulipwa mshahara, kisha wakampeleka Jinja kuongoza baraza la Busoga. Aliporudi Mbale mwaka 1913 alikuwa mtu mwenye uchungu. Akajiunga na Wamalaki, Wakristo walioshika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Hata ng'ombe wake hakutaka wachanjwe, jambo lililowaudhi sana wakubwa wa serikali.

Hapo ndipo alipoanza kuichunguza Biblia peke yake, bila mwalimu. Alipofika kwenye agizo la tohara, hakuona njia ya kulikwepa. Wagisu wa Mbale hutahiri, lakini kwa Muganda tohara ilikuwa alama ya Uislamu. Wamalaki wenzake wakamwonya kwamba hilo ni jambo la Wayahudi. Akawajibu kwamba, kama ndivyo, tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, pamoja na wanawe na wafuasi, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiganda cha kuwafundisha watu wake amri na sala.

Bado alichanganya mambo. Ubatizo uliendelea, na Agano Jipya lilisomwa. Ndipo mwaka 1926 alipokutana na Myahudi aliyeitwa Yusufu, akakaa naye miezi kadhaa akijifunza kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vilivyokatazwa. Jemadari mzima, aliyekwisha tawala maelfu, akakubali kuwa mwanafunzi! Ubatizo ukaachwa.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama karibu na Mbale. Wafuasi wake, Abayudaya, waligawanyika, wengine wakarudi makanisani. Miaka ya 1960 mtaalamu wa Israeli, Arye Oded, aliwatembelea na kuandika historia yao. Idi Amin akaipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, wakawa wanasali kwa siri, hata wakabaki mia chache tu. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walifika Mbale kuwaingiza rasmi katika Uyahudi.