Watu wa Miti: Somo la Ngoma ya Muguga

Kila mvua za masika zinapoanza kunyesha, viwanja vya shule zetu hugeuka kuwa mahali pa sherehe. Mgeni wa heshima huwasili, majembe mapya hugawanywa, nyimbo huimbwa, na miche hutiwa ardhini huku wapiga picha wakiwa tayari. Jioni wageni huenda zao. Ukipita shuleni humo mwezi wa Januari, jua la kiangazi likiwaka, aghalabu utakuta vijiti vikavu vimesimama safu safu mahali palipotarajiwa kuwa msitu. Ni nani wa kulaumiwa? Mbuzi wa jirani? Ukame? Ama ni sisi wenyewe, tuliodhani kwamba kupanda mti na kumfunza mtu kupanda mti ni jambo moja?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita lilimsumbua afisa mmoja kijana wa misitu aliyekuwa akifanya kazi katika eneo la Kikuyu. Jina lake lilikuwa Richard St Barbe Baker. Maisha yake yanastahili kusomwa upya na walimu pamoja na wanafunzi, kwa kuwa jibu alilolipata hapa kwetu ndilo alilolitembeza ulimwenguni hadi kufa kwake.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa mhubiri na pia mkuzaji wa miche ya miti. Mtoto huyo alijifunza kazi ya bustani kabla ya kujua kusoma vyema. Alijua namna ya kuatika mbegu, kuhamisha mche bila kuumiza mizizi yake, na kuufunika udongo usikauke. Shule yake ya kwanza ya misitu, basi, ilikuwa shamba la nyumbani, na mwalimu wake alikuwa mzazi wake.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alivuka bahari kwenda Kanada, akajiunga na Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipokuwa bado kichanga. Huko aliona mambo mawili yaliyomwingia moyoni. Kwanza, aliwaona walowezi waking'oa vichaka vya uwanda ule mpana ili kulima ngano, na upepo ukija ukiubeba udongo wenye rutuba. Pili, alifanya kazi katika kambi ya wakata mbao, akashuhudia jinsi miti mingi ilivyoharibiwa bure. Hapo ndipo alipoamua kuifanya misitu kuwa kazi yake. Vita Vikuu vya Kwanza vikamkatiza. Alipigana nchini Ufaransa, akajeruhiwa, kisha vita vilipokwisha akasomea taaluma ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka wa 1920 aliwasili Kenya akiwa msimamizi msaidizi wa misitu. Nchi yetu ilikuwa imetangazwa koloni mwaka huo huo. Itakumbukwa kwamba hali haikuwa ya amani. Wenyeji walikuwa wamenyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao, kodi ya nyumba ilikuwa mzigo, na kipande kilikuwa kikivishwa shingoni mwa wanaume kama kengele ya mbuzi. Mnamo Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa siku hiyo.

Misitu nayo ilikuwa ikiangamia. Walowezi walikuwa wakifyeka ili kupanda mazao yao, garimoshi lilikuwa likila kuni, na wenyeji waliobanwa katika maeneo finyu walikuwa wakichoma misitu ili kupata mashamba mapya. Baker alitazama vilima vilivyokuwa vikivuliwa nguo, akatambua kwamba hata angepewa vibarua wangapi, yeye na idara yake wasingeweza kuirudisha misitu hiyo. Fedha zilikuwa haba. Isitoshe, mti uliopandwa na kibarua kwa amri ya serikali huwa hauna mwenyewe. Serikali ikigeuka upande, mti hukatwa.

Akaamua kuwaendea wazee. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wazee hao walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamweleza kwamba kupanda miti ya msituni ilikuwa shughuli ya Mungu. Miti mikubwa huangusha mbegu, nazo mbegu huota zenyewe. Hawakuwa wajinga wa mambo ya miti hata kidogo. Waliijua kwa majina na kwa matumizi, na walikuwa na mugumo mtakatifu ambao hakuna aliyethubutu kuutia shoka. Walichokuwa wakikieleza ni jinsi msitu ulivyojirudisha wakati ardhi ilipokuwa tele. Baker naye akawauliza: mti mama ukikatwa, ni nani atakayeangusha mbegu?

Hapa ndipo afisa huyu alipoachana na njia ya wenzake. Hakutoa amri wala hakutangaza faini. Alikuwa ameona kwamba jamii ile ilikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna nafaka. Akauliza kwa nini pasiwe na ngoma ya kupanda miti. Akashauriana na Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya huru. Bila mkono wa Njonjo na wazee, jambo lile lisingalisimama. Habari zikasambazwa kijiji hadi kijiji.

Tarehe 22 Julai 1922, miezi minne tu baada ya damu kumwagika Nairobi, vijana wa rika la morani wapatao 3,000 walikusanyika Muguga, kwa hesabu aliyoitoa Baker. Walicheza ngoma mpya waliyoitunga kwa ajili ya siku hiyo, na zawadi zikatolewa kwa waliopendeza. Ngoma ilipokwisha, waliombwa wajitokeze wale waliokuwa tayari kuilinda miti, na hamsini wakachaguliwa. Waliahidi mbele ya Mungu mambo matatu: kupanda miti kumi kila mwaka, kuitunza miti popote ilipo, na kutenda tendo moja jema kila siku. Kila mmoja alivishwa alama mkononi ili atambulikane. Neno lao la siri lilikuwa la Kigikuyu, Twahamwe, lenye maana ya kuwa pamoja. Chama chenyewe kikapewa jina la Kiswahili: Watu wa Miti.

Sherehe, kama tujuavyo, si kazi. Kazi ilianza baadaye. Vijana hao walikusanya mbegu za miti ya asili, wakaandaa vitalu, wakaotesha miche, wakaipeleka mashambani mwao na kuipanda katikati ya mazao. Mkulima alipopalilia mahindi yake, alipalilia na mti. Aliyejua alimwonyesha asiyejua. Hilo lilikuwa darasa lisilo na kuta wala ubao, na mtihani wake ulikuwa mmoja: je, mche wa mwaka jana ungali hai?

Baker hakudumu sana Kenya. Inasimuliwa kwamba siku moja mzungu mwenzake aliinua mkono kumpiga mfanyakazi Mwafrika, naye Baker akajitia katikati, pigo likampata yeye. Katika koloni la zama hizo, afisa aliyesimama upande wa mwenyeji hakuhesabiwa kuwa wa kutegemewa. Utumishi wake hapa ukakoma, na baadaye akahudumu nchini Nigeria. Lakini wazo la Muguga alilibeba kifuani. Mwaka wa 1924 alianzisha Uingereza tawi la chama kile, na kwa miaka mingi likaenea katika nchi nyingine. Alizunguka akihutubia na kuandika vitabu. Alipigania miti mikubwa ya kale ya California isikatwe. Katika miaka ya 1952 na 1953 alivuka jangwa la Sahara kwa gari akichunguza jinsi mchanga unavyoinyemelea ardhi ya wakulima, akawa tangu hapo mtetezi wa wazo kwamba jangwa linaweza kurudishwa nyuma kwa miti. Mnamo 1963, akiwa amepita miaka sabini, alipanda farasi akapita New Zealand kutoka kaskazini hadi kusini, akisimama shuleni kuzungumza na maelfu ya watoto juu ya miti.

Mwezi wa Juni 1982, akiwa na umri wa miaka 92, alirudi Saskatchewan alikosomea ujanani. Siku ya Mazingira Duniani alipanda mti katika uwanja wa chuo kikuu kile. Huo ndio uliokuwa wa mwisho. Tarehe 9 Juni alifariki dunia, akazikwa huko huko.

Nisingependa msomaji adhani kwamba ninamtukuza mtu huyu kupita kiasi. Baker alikuwa mtumishi wa serikali iliyowapokonya watu ardhi, kisha ikawataka waitunze misitu ambayo hawakuruhusiwa kuiita yao. Ngoma haikuliondoa dhuluma hilo. Aidha, historia nyingi zilizoandikwa ng'ambo humtaja yeye peke yake, zikamsahau Njonjo pamoja na wale vijana hamsini ambao majina yao hatuyajui. Hali hiyo haiwatendei haki. Mwalimu mmoja hawezi kujiita shule.

Kuna kasoro nyingine iliyojificha katika jina lenyewe. Kiswahili kinaposema watu, hakibagui mume wala mke. Jina lile lilipopelekwa Uingereza liligeuzwa likawa la Wanaume wa Miti, na hivyo ndivyo lilivyojulikana huko hadi miaka ya 1990 lilipobadilishwa. Lugha yetu ilikuwa na hekima kuliko tafsiri. Hata hivyo, tukubali kwamba huko Muguga pia walioapa walikuwa vijana wa kiume, ilhali waliotembea mbali kutafuta kuni na waliojua udongo wa kila pembe ya shamba walikuwa mama zao na dada zao.

Ilibidi Kenya isubiri hadi mwaka wa 1977 ili kosa hilo lirekebishwe. Profesa Wangari Maathai aliyaanzisha madarasa ya aina ile ile miongoni mwa akina mama wa vijijini. Wapo wataalamu waliodai kwamba upandaji wa miti unahitaji watu wenye stashahada. Akina mama walichukua mbegu walizozijua, wakaziotesha katika vyungu vikuukuu na mikebe, na miche ikakua. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba malipo yao madogo yalitolewa kwa mche ulioshika, wala hayakutolewa kwa shimo lililochimbwa. Maathai, aliyetunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka wa 2004 na kuaga dunia mwaka wa 2011, alikuwa ameielewa siri ya Muguga. Mti unahitaji mwenyewe, na mwenyewe huyo sharti afunzwe.

Je, sisi tumeielewa? Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili kupanda miti. Lengo hilo ni jema. Hofu yangu ni kwamba tunaweza kuhesabu mabilioni ya mashimo, kisha tusiwe na msitu. Shule zetu zinayo nyenzo mkononi. Vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa mwaka wa 1962 na kufufuliwa mwaka wa 2021, vinaweza kuwa vitalu vya miche na vya watu kwa pamoja, mradi visigeuzwe kuwa vyama vya kuimbia wageni.

Naomba nipendekeze mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, kila shule iwe na kitalu chake, ili mwanafunzi aone mbegu ikipasuka badala ya kupokea mche ulioshushwa kutoka kwenye lori. Pili, darasa lifunguliwe mlango kwa wazee na akina mama wa mtaa. Yule nyanya anayejua mti upi hukausha chemchemi na upi huilinda ni mwalimu, hata kama hajui kuandika jina lake. Wazazi nao waje wajifunze pamoja na watoto wao, kwani mche ukivuka ua la shule ndipo utakapopona. Tatu, kila mwanafunzi akabidhiwe mti mmoja tangu anapoingia hadi anapohitimu, na hesabu itolewe ya miti iliyo hai. Hiyo ya miti iliyopandwa tuwaachie wapiga picha.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba ngoma ni mambo ya kale yasiyo na elimu. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wale vijana hamsini walicheza kwao, kwa lugha yao, juu ya udongo wa baba zao, na somo lao likatembea hadi Sahara na New Zealand. Leo hapo Muguga pana makao makuu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu. Wataalamu wake wanafanya kazi nzuri. Lakini mche uliomo uani mwa shule yako haumngojei mtaalamu. Unakungojea wewe, na debe la maji.