Joseph Hooker na Mti wa Mkondekonde

Katika misitu iliyo juu ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, huota mti mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Jani lake likifikichwa hutoa harufu ya lozi chungu. Wachaga huuita mkondekonde, na Wakikuyu wa Kenya huuita mwiri. Mti huu ni wa jamii moja na micheri ya mwituni ya China na Japani. Mtaalamu aliyeupa jina la kisayansi kwa mara ya kwanza ni Joseph Hooker.

Hooker alizaliwa tarehe 30 Juni, 1817, katika mji wa Halesworth, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea, naye Joseph alianza kusikiliza masomo hayo angali mtoto. Alipokua alisomea udaktari. Mwaka 1839 alipanda meli iitwayo Erebus akiwa daktari msaidizi, akasafiri miaka 4 katika bahari za kusini zenye barafu. Kila walipotia nanga alikusanya mimea, akaikausha na kuichunguza.

Baadaye alikwenda katika Milima ya Himalaya. Mwaka 1849 yeye na mwenzake walivuka mpaka na kuingia Tibet bila idhini. Waliporudi Sikkim walikamatwa, wakazuiliwa kwa majuma kadhaa. Hata hivyo, Hooker alipoachiliwa hakuiacha kazi yake.

Aliporejea Uingereza alifanya kazi katika Bustani ya Kew, London. Huko aliletewa mimea mikavu iliyokusanywa na Gustav Mann katika mlima wa Kameruni. Hooker alipoilinganisha na mimea mingine, aliona kwamba mingi ilifanana na ile ya milima ya Ethiopia, ingawa nchi hizo ziko mbali sana. Miongoni mwake ulikuwamo mkondekonde. Mwaka 1864 aliuita Pygeum africanum. Mwaka 1965 mtaalamu mwingine, Kalkman, alionyesha kuwa mti huo ni wa kundi la micheri, ukaitwa Prunus africana. Hivyo ndivyo sayansi inavyojisahihisha.

Hooker aliiongoza Bustani ya Kew tangu 1865 hadi 1885. Alifariki tarehe 10 Desemba, 1911, akiwa na umri wa miaka 94.

Mkondekonde una manufaa mengi. Mbao zake ni ngumu na nzito, hufaa kwa ujenzi na mipini ya majembe. Ndege na nyani hula matunda yake. Gome lake hutengenezewa dawa ya maradhi ya tezi dume yanayowasumbua wanaume wazee. Lakini majani yake yana sumu, usiyaonje.

Dawa hiyo imeuletea mti hatari. Mirija iliyo katika gome hupeleka chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa. Kwa sababu hiyo, tangu 1995 biashara ya gome hilo kati ya nchi na nchi inasimamiwa kwa mkataba wa kimataifa. Anayehitaji gome na achukue kidogo upande mmoja, kisha apande miche mingine.

Maswali
1. Hooker aliujuaje mti huu bila kufika Uluguru?
2. Kwa nini jina la mti lilibadilishwa?
3. Eleza kwa nini mti uliobanduliwa gome lote hufa.