James White na Majembe Matatu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 18:13–24; 1 Wafalme 19:1–8; Marko 6:30–32; 1 Wakorintho 6:19, 20; 3 Yohana 1:2.

Fungu la kukariri: 3 Yohana 1:2.

Asubuhi ya tarehe 16 Agosti 1865, katika mji wa Battle Creek, Michigan, Marekani, James White alitoka na mkewe Ellen kwa matembezi yao ya kawaida kabla ya kifungua kinywa. Waliingia katika bustani ya jirani. James akashika hindi bichi ili alitazame. Ghafla Ellen akasikia sauti isiyo ya kawaida. Alipogeuka aliona uso wa mumewe umeiva wekundu, na mkono wake wa kulia unaning'inia bila nguvu. James alijaribu kuuinua, ukakataa. Alipepesuka lakini hakuanguka, na maneno hayakutoka. Walipomfikisha nyumbani, neno la kwanza lililosikika kwa shida lilikuwa la kuwaomba wamwombee.

Alikuwa ametimiza miaka 44 siku 12 tu kabla ya hapo. Juma hili tunajifunza jinsi mtu huyu alivyofika katika bustani ile, jinsi alivyoinuka, na jambo ambalo hakulimaliza hadi mwisho.

JUMAPILI: Mtu Asiyepumzika

James White alizaliwa tarehe 4 Agosti 1821 huko Palmyra, katika jimbo la Maine. Utotoni alikuwa dhaifu, na macho yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba hakuweza kusoma kama watoto wengine. Alipata nafasi ya kukaa darasani akiwa na umri wa miaka 19. Alisoma kwa bidii ya mtu anayefidia miaka iliyopotea, na bidii hiyo haikumtoka tena.

Alimwoa Ellen Harmon tarehe 30 Agosti 1846. Hawakuwa na mali. Mwaka 1849 alipoanza kuchapisha jarida dogo kwa ajili ya waumini waliotunza Sabato, alikwenda kwa miguu maili 8, yaani karibu kilomita 13, hadi kwa mpiga chapa, na kurudi. Kazi ikakua. Likaja jarida la Review and Herald, ikaja nyumba ya uchapishaji, na mwezi Mei 1863 Konferensi Kuu ikaundwa. Mwezi Mei 1865 James akachaguliwa kuwa rais wake.

Mizigo ya moyoni nayo ilikuwepo. Mwaka 1860 walizika mtoto mchanga, na Desemba 1863 walimzika Henry, mzaliwa wao wa kwanza, akiwa na miaka 16. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilileta hofu ya vijana wa kanisa kulazimishwa kushika silaha. James alisafiri, alihubiri, aliandika hadi usiku, alihesabu fedha, na alijibu lawama.

Jambo la kutafakari ni hili: hakukosa maarifa. Mwezi Juni 1863 mkewe alikuwa amepewa nuru juu ya afya, na mwaka ule ule wa 1865 wote wawili walikuwa wakichapisha vijitabu vya kufundisha watu juu ya chakula, hewa safi, maji na mapumziko. Mtu aliyewafundisha wengine kupumzika ndiye aliyepooza.

Soma Kutoka 18:13–24. Yethro aliona nini ambacho Musa mwenyewe hakukiona? Je, kazi ya Mungu inaweza kuwa kisingizio cha kuvunja sheria za mwili?

JUMATATU: Miezi Mitatu Dansville

Mwezi Septemba 1865 James alipelekwa Dansville, katika jimbo la New York, kwenye nyumba ya matibabu ya Dkt. James C. Jackson. Huko hawakutegemea dawa kali za nyakati zile, ambazo nyingi zilikuwa sumu. Wagonjwa walitibiwa kwa maji, walikula milo miwili kwa siku bila nyama, na walipata hewa safi na mwanga wa jua.

James alipata nafuu kiasi, naye Ellen alishukuru kwa mengi aliyojifunza huko. Hata hivyo, jambo moja lilimsumbua. Waganga walishauri mgonjwa apumzike kabisa, mwili na akili, na hata mambo ya dini yasimshughulishe sana. Ellen aliona kwamba mumewe, mtu wa kazi tangu ujana, alikuwa akikaa na kuyasikiliza maumivu yake mchana kutwa. Hofu ilikuwa inaota mizizi. Mwezi Desemba, baada ya miezi kama mitatu, waliondoka Dansville na kwenda Rochester, ambako ndugu waliungana nao katika maombi.

Ni huko, mwishoni mwa Desemba 1865, Ellen alipooneshwa kwamba kanisa linapaswa kuwa na mahali pake pa kutunzia wagonjwa, ambapo tiba na imani vitakwenda pamoja. Tarehe 5 Septemba 1866 taasisi hiyo ilifunguliwa Battle Creek. Hospitali na zahanati za Kiadventista zilizotapakaa duniani leo zina asili yake hapo.

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Mungu alimpa Eliya usingizi na chakula, kisha akamwambia afanye nini? Kwa nini mapumziko peke yake hayakutosha?

JUMANNE: Nyayo Katika Theluji

Mwaka mzima ulipita na James bado alikuwa dhaifu. Wengi mjini walikwisha kumkatia tamaa. Mwezi Desemba 1866 Ellen aliamua kumtoa Battle Creek na kumpeleka kaskazini kwa gari la kukokotwa na farasi, katikati ya theluji na upepo mkali. Marafiki walimsihi asifanye hivyo, wakiona kwamba anamwua mumewe. Alikwenda, akimtegemea Mungu.

Siku moja ya majira hayo ya baridi, theluji nyingi ilikuwa imeanguka. James alikataa kwenda matembezi yake, akisema hali ya hewa haimruhusu. Ellen hakubishana naye. Alivaa viatu virefu vya mwanawe Willie, akatoka peke yake, akakanyaga njia katika theluji ile, kisha akarudi na kumwambia mumewe kwamba anaweza kupita katika nyayo zake. James alipoona mwanamke mwenye mwili mdogo amepita, aliona haya kubaki ndani. Siku hiyo alitembea.

Anayepona ugonjwa wa moyo au kiharusi hukutana na adui wa pili, ambaye ni hofu. Kila pigo la moyo linamtisha, kila hatua anaiona kuwa ya mwisho. Maneno ya kumtia moyo yanasaidia, lakini mara nyingi anahitaji mtu wa kutangulia mbele yake.

Katika familia yako, nani anahitaji mtu wa kumtangulia hatua chache ili aanze kutembea tena?

JUMATANO: Majembe Matatu

Mwaka 1867 walihamia shambani karibu na Greenville, Michigan. Majira ya kupanda yalipofika, kulikuwa na miti ya matunda ya kupandwa na bustani ya kulimwa. Ellen alimtuma Willie dukani anunue majembe matatu na reki tatu, akimsisitizia asipunguze hata moja. Jembe moja lilikuwa la Willie, moja la Ellen, na moja la baba. James alipinga, lakini akalipokea. Ellen alitangulia kulima hadi mikono ikatoka malengelenge. James hakuweza kufanya mengi siku zile za kwanza. Alichoweza kilikuwa kushika mpini na kuupeleka mwili wake, na hiyo ilitosha kuanzia.

Kisha nyasi za mifugo zikawa tayari kukusanywa. James alipanga kuwaomba majirani wamsaidie. Kabla hajafika kwao, Ellen aliwatembelea kimya kimya na kuwaomba wamjibu kwamba wana kazi nyingi. Majirani hawakupenda kumnyima mgonjwa msaada, lakini alipowaeleza sababu walikubali. James alirudi nyumbani amevunjika moyo. Ellen akasema basi wataifanya wenyewe: James na Willie watakusanya na kupakia nyasi garini, naye atazikanyaga na kupanga lundo. Majirani waliopita walishangaa kumwona Bibi White juu ya lundo la nyasi. Kazi ilikamilika, na James akaona kwa macho yake kwamba mwili wake ulikuwa bado na nguvu.

Hapa mkulima wa Kilimarondo anaweza kujiona. Mzee anapopata kiharusi, au moyo unapomsumbua, watoto na wajukuu humkusanyikia. Jembe linaondolewa mkononi mwake, maji anatekewa, hata kuku hafungulii. Wanampenda, na upendo wao ni wa kweli. Lakini baada ya miezi sita mzee amekuwa mtu wa kukaa chini ya mwembe akingoja kufa. Upendo wa Ellen White ulikuwa wa namna nyingine: ulimrudishia mgonjwa kazi kidogo kidogo, na ukashika jembe pamoja naye.

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Tunawezaje kumsaidia mgonjwa bila kumnyang'anya sehemu yake katika kuutunza mwili ambao ni hekalu la Roho Mtakatifu?

ALHAMISI: Mzigo Unaorudi

James White alipona. Alihubiri tena, akaandika tena. Alikuwa rais wa Konferensi Kuu tena kuanzia 1869 hadi 1871, na kuanzia 1874 hadi 1880. Mwaka 1874 alianzisha jarida la Signs of the Times huko Oakland, California, na mwaka huo huo chuo kikafunguliwa Battle Creek. Sehemu kubwa ya matunda haya isingekuwepo kama angekata tamaa mwaka 1866.

Lakini maisha yake yaelezwe kwa ukweli wote. Nguvu ziliporudi, mzigo nao ulirudi. Alikwenda milimani Colorado kupumzika, kisha akarejea katika wingi ule ule wa kazi. Alijua kutenga muda wa kula vizuri, lakini kuwakabidhi wengine kazi kulimshinda mara nyingi. Kiharusi kilimrudia katika miaka ya 1870, na ugonjwa ulimfanya wakati mwingine kuwa mwepesi wa kushuku na kulaumu. Waliokuwa karibu naye, akiwemo mkewe, waliumia.

Mwanzoni mwa Agosti 1881 alishikwa na baridi kali na homa. Alifariki Sabato, tarehe 6 Agosti 1881, siku mbili baada ya kutimiza miaka 60. Tangu asubuhi ile katika mahindi ya jirani, Mungu alikuwa amemwongezea karibu miaka 16.

Soma Marko 6:30–32. Ni tabia gani ya zamani inakuvizia kila unapopata nafuu?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Siku za James White hapakuwa na kipimo cha shinikizo la damu katika nyumba za matibabu. Leo kipo, na kupima hakuumizi. Kiharusi na shambulio la moyo ni ndugu: vyote hutokana mara nyingi na mishipa ya damu iliyochoka kwa shinikizo kubwa, tumbaku, mafuta na chumvi nyingi, au kisukari. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, mhudumu wa afya anapaswa kukusimamia. Dawa ukipewa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, au maneno yakichanganyika ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile. Fanya hivyo pia kwa maumivu makali ya kifua. Maombi yafanyike njiani.

Chakula cha kuanzia nacho kipo shambani: mbaazi, kunde, kisamvu, mlenda, mapapai, maembe. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki wa chumvi. Lengo la mazoezi kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila juma. Anayetoka kuugua aanze na hatua chache, kwa ushauri wa daktari. Sabato ije imkute mkulima amekwisha kuweka chini jembe na hesabu za korosho pia.

Maswali ya Kujadili:

1. James White alijua ujumbe wa afya kabla ya kuugua. Kwa nini kujua hakukutosha? Ni jambo gani moja ambalo kundi lenu linalijua lakini halilitendi?

2. Je, Ellen White alifanya vyema kuwaomba majirani wakatae kumsaidia mumewe? Msaada hugeuka kuwa kizuizi wakati gani?

3. Wako wanaofanya yote yaliyo sawa na bado wanaugua. Tutawasaidiaje bila kuwahukumu?

4. Chagueni mtu mmoja anayeuguza moyo au kiharusi katika eneo lenu. Nani atatembea naye juma hili, na siku gani?