Gokhale: Mtu wa Wastani Baina ya Pande Mbili

Gopal Krishna Gokhale alizaliwa mwaka 1866 katika nyumba ya kimaskini, jimbo la Bombay. Alisoma kwa dhiki, akawa mwalimu mjini Poona, kisha mjumbe wa Baraza Kuu la Kutunga Sheria la Bara Hindi. Humo alisimama na tarakimu mkononi, akiilaumu serikali ya Kiingereza kwa kodi ya chumvi na gharama za jeshi.

Lakini vita vyake vikali zaidi vilikuwa na ndugu zake mwenyewe. Katika chama chao cha Congress, Tilak na wafuasi wake walimwona mnyonge, mwenye kuomba pale pa kudai. Mwaka 1907, mkutanoni Surat, kiatu kilirushwa, na chama kikapasuka.

Serikali nayo haikumlipa upole wake. Mwaka 1911 alileta mswada wa kuyaruhusu mabaraza ya miji na wilaya kuwalazimisha wavulana kusoma. Mwaka 1912 ukaangushwa kwa kura 38 dhidi ya 13. Mwaka huohuo alikwenda Afrika Kusini kumsaidia Gandhi, na katika kurejea akapita Unguja.

Alifariki mwaka 1915, umri wake miaka 48. Chama kilipatana mwaka 1916, naye hakuuona upatanisho huo. Sheria ya elimu ya lazima kwa nchi nzima ilipitishwa mwaka 2009.

Basi, ndugu msomaji, aliyeshindwa barazani si lazima awe alikosea. Huenda aliwatangulia wenziwe tu.