Fuller Albright, munganga aliyetafuta kwa nini mifupa ya wamama inavunjika

Mama mzee akianza kupinda mgongo, hapa kwetu Masisi na Walikale tunasemaka ni mizigo ya kuni na muhogo. Mizigo inachosha, ni kweli. Lakini kuna sababu ingine, na aliyeionyesha ni munganga Mmarekani, Fuller Albright.

Alizaliwa mwaka 1900 mjini Buffalo. Alimaliza masomo ya udaktari Harvard mwaka 1924, kisha akaenda Vienna kujifunza magonjwa ya mifupa kwa Jakob Erdheim. Aliporudi alifanya kazi katika hospitali kubwa ya Boston. Huko alipima kalsiamu, madini yanayofanya mfupa uwe mgumu: ile mgonjwa anayokula, na ile inayotoka kwa mkojo na kwa choo.

Mwaka 1941, yeye na wenzake wawili walitangaza jambo la kushangaza. Kati ya wagonjwa 42 wa chini ya miaka 65 waliokuwa na mifupa dhaifu, 40 walikuwa wamama waliokwisha kuacha kuona mwezi. Albright akaeleza kwamba hedhi ikikoma, estrojeni inapunguka mwilini, na mfupa unakosa kinga yake. Alifikiri homoni hiyo inasaidia kujenga mfupa. Baadaye ilionekana kazi yake kubwa ni kuzuia seli zinazokula mfupa.

Yeye mwenyewe hakuwa mzima. Tangu miaka ya 1930 alitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1956 akakubali kupasuliwa kichwa, kwa njia iliyokuwa bado ya majaribio. Damu ikavuja ndani ya ubongo, akapoteza usemi. Aliishi hivyo miaka 13, mpaka kufa mwaka 1969.

Alichoacha kinatuhusu sisi pia. Maziwa na fromaji ya Masisi, na ndakala zinazoliwa na mifupa yake, vina kalsiamu. Msichana anayevila anajiwekea akiba ya uzee. Ila chakula peke yake hakirudishi estrojeni. Dawa zake zipo, lakini zina hatari zake, kwa hiyo ni munganga tu wa kuziandika. Na mama aliyepita umri wa hedhi, akianguka kidogo tu na mkono ukavunjika, ao akiona anapungua urefu, asiseme ni uzee. Aende kituo cha afya.