Victor Brenner: Mchongaji aliyefutwa jina kwenye senti yake

NOVEMBA 12, 2025, katika jiji la Philadelphia, mashine za Kiwanda cha Sarafu cha Marekani ziligonga senti za mwisho kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imechoka kutumia zaidi ya senti tatu kutengeneza senti moja. Sarafu hiyo bado ni fedha halali, lakini mpya haziingii tena mitaani.

Sura iliyokuwa kwenye senti hizo za mwisho ni ile ile iliyowekwa mwaka 1909: Rais Abraham Lincoln akitazama kulia, ndevu kidevuni, koti begani. Kwa miaka 116 sura hiyo iligongwa kwa mabilioni, na ni vigumu kutaja kazi nyingine ya mchongaji mmoja iliyotolewa nakala nyingi kiasi hicho.

Pamoja na hayo, mpita njia wa New York akiulizwa ni nani aliyeichonga, aghalabu hatakuwa na jibu. Wanaomfahamu vizuri ni wakusanyaji wa sarafu, na hasa wale wenye mifuko myepesi, kwa sababu ambazo msomaji ataziona mbele.

Mtu huyo ni Victor David Brenner. Alizaliwa Juni 12, 1871 katika mji wa Šiauliai, nchini Lithuania, wakati huo ikiwa sehemu ya Dola ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake alikuwa fundi wa madini. Kijana huyo alijifunza kwa baba yake kuchonga mihuri na kukata nakshi kwenye chuma, kazi inayodai jicho kali na mkono usiotetemeka.

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 19, alivuka bahari na kuhamia Marekani. Alifikia New York, mtaji wake mkubwa ukiwa ni ufundi ule wa nyumbani. Mchana alifanya kazi ya kuchonga, na jioni alihudhuria masomo katika chuo cha Cooper Union, ambacho kilifungua milango yake kwa watu wa kipato cha chini waliotaka kujiendeleza.

Huenda angebaki fundi wa kawaida miongoni mwa mafundi wengi wa jiji hilo kama asingefunga safari nyingine. Mwaka 1898 alikwenda Paris kusoma, na huko akawa mwanafunzi wa Oscar Roty, mmoja wa wachongaji wa medali walioheshimiwa kuliko wote Ulaya. Roty ndiye aliyemchonga yule mwanamke apandaye mbegu ambaye Wafaransa walimzoea kwenye sarafu zao za fedha. Kwa mwalimu huyo Brenner alijifunza kwamba kitu kidogo kinachoenea kiganjani chaweza kubeba uzito wa sanamu kubwa ya uwanjani.

Aliporudi New York alikuwa na jina katika medani ya medali na mabamba ya ukumbusho. Mwaka 1907 alitengeneza bamba lenye sura ya Lincoln, rais aliyeuawa mwaka 1865 baada ya kuiongoza nchi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa nini mhamiaji Myahudi kutoka Dola ya Urusi alivutwa na sura ile, kila mtu na akisie. Jambo lisilo na shaka ni kwamba Lincoln wake hafanani na mfalme. Amechoka, mashavu yameingia ndani, na macho yake yanaonekana kuwaza mambo mengine.

Bahati ilimjia mwaka 1908. Rais Theodore Roosevelt alikaa mbele yake ili achongwe sura kwa ajili ya medali ya wafanyakazi wa Mfereji wa Panama, na hapo akaiona kazi yake ya Lincoln. Roosevelt alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na sarafu za nchi yake, ambazo kwa maoni yake zilikuwa mbaya na zisizostahili taifa kubwa. Kabla ya hapo alikuwa amempa kazi mchongaji mashuhuri Augustus Saint-Gaudens, aliyebuni sarafu za dhahabu za dola 10 na dola 20 na kufariki dunia mwaka 1907.

Sarafu ile ya dola 20 wengi huihesabu kuwa nzuri kuliko zote zilizopata kutolewa Marekani. Lakini ni mwananchi gani wa kawaida wa wakati ule aliyetembea na dhahabu mfukoni? Brenner alipewa sarafu ya chini kabisa, ile ya kununulia gazeti na peremende, ili kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Lincoln, Februari 12, 1909.

Uamuzi huo haukuwa mdogo. Tangu taifa hilo lianze kutoa sarafu, zile za matumizi ya kawaida zilibeba sura ya kubuni ya Uhuru, tai au Mhindi Mwekundu. George Washington mwenyewe alikataa katika uhai wake kuwekwa kwenye fedha, akiona kuwa ni desturi ya wafalme. Lincoln akawa mtu wa kwanza halisi kuonekana kwenye sarafu ya kawaida ya Marekani.

Haki inataka isemwe pia kwamba Brenner hakuwa malaika. Mchoro wake wa kwanza wa upande wa nyuma ulikataliwa kwa kuwa ulifanana mno na sarafu ya Ufaransa, kazi ya mwalimu wake. Akarudi mezani na kuleta masuke mawili ya ngano yaliyoinama kando, katikati yakiacha nafasi ya maandishi. Ni mchoro mwepesi, usio na makuu, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndio uliofaa zaidi kwa senti kuliko yote iliyofuata baadaye.

Kulikuwa na suala moja dogo, ambalo baadaye liligeuka kubwa. Brenner alitaka jina lake lionekane. Mwanzoni aliliandika lote, lakini wakubwa wa kiwanda hawakukubali, na ikaafikiwa kwamba ziwekwe herufi tatu tu, V.D.B., chini kabisa ya upande wa nyuma.

Agosti 2, 1909 senti mpya zilitolewa kwa umma. New York watu walipanga foleni ndefu mbele ya tawi la Hazina, na ikabidi kuwekwe kikomo cha idadi ambayo mtu mmoja angeweza kupewa. Siku hiyo yule kijana wa Šiauliai, sasa mwenye miaka 38, alikuwa mchongaji anayezungumzwa kuliko wote nchini.

Sifa hizo zilidumu siku tatu. Magazeti na baadhi ya wananchi walilalamika kwamba herufi zile zilikuwa kubwa mno, na kwamba msanii aliyekwisha kulipwa hakuwa na haki ya kujitangaza kwenye mali ya umma. Agosti 5, Waziri wa Fedha, Franklin MacVeagh, akaamuru herufi ziondolewe.

Lilikuwapo wazo la kuweka herufi moja ndogo, B, ili kumaliza maneno. Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda, akalipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba B ilikuwa alama yake mwenyewe, na watu wangedhani senti ile ni kazi yake. Kwa kweli sarafu za senti 10, senti 25 na nusu dola zilizotumika wakati huo zilikuwa zake, na kila moja ilikuwa na B ndogo shingoni mwa sura ya Uhuru. Hakuna aliyepiga kelele juu ya B hiyo. Ni vigumu kutoona upendeleo hapa: herufi ya mkuu wa ndani ilivumiliwa kwa miaka 17, za mhamiaji hazikuvumiliwa hata wiki moja.

Basi njia ya haraka ikachukuliwa, herufi zote zikafutwa. Brenner alilalamika, lakini mtangulizi wa MacVeagh na hata Roosevelt aliyempenda walikuwa wamekwisha ondoka madarakani tangu Machi mwaka huo. Hakuwa na wa kumshika mkono.

Hapa ndipo hadithi yake inapokutana na wakusanyaji. Kabla ya amri ya waziri, kiwanda cha Philadelphia kilikuwa kimegonga senti 27,995,000 zenye herufi zile. Kiwanda cha San Francisco, ambacho huweka S ndogo chini ya mwaka, kilikuwa kimegonga 484,000 tu. Hizo za San Francisco zikawa miongoni mwa sarafu zinazosakwa kuliko zote Marekani.

Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ziliingia madukani kadi nene zenye matundu, kila tundu likiwa na mwaka na alama ya kiwanda. Kadi moja iliuzwa kwa senti 25. Familia zisizo na fedha ya burudani zilikaa jioni zikimwaga mabaki ya chenji mezani na kutafuta senti za kuziba matundu. Tundu la 1909 lenye S na V.D.B. lilibaki wazi katika nyumba nyingi sana, na watoto wengi wakazeeka bila kuliziba.

Lakini iko namna nyingine ya kukusanya, nayo haimtesi mtu hivyo. Badala ya kutafuta kila mwaka na kila kiwanda, mkusanyaji hutafuta sarafu moja tu ya kila muundo, iwe ya mwaka wowote. Mkusanyo wa aina hiyo huitwa seti ya aina. Anayeufuata hana haja ya ile ya San Francisco hata kidogo, kwa kuwa ile ya Philadelphia ina sura ile ile, masuke yale yale na herufi zile zile.

Na hiyo ya Philadelphia ni rahisi. Wananchi waliposikia herufi zinaondolewa waliziweka akiba kwa wingi, hivyo nyingi zilibaki safi. Leo iliyotumika kiasi yaweza kupatikana kwa dola kumi na kitu, ilhali ile yenye S hugharimu mamia ya dola hata ikiwa imechakaa. Tahadhari ni moja: wapo wajanja wanaobandika S kwenye sarafu ya Philadelphia, au kuongeza V.D.B. kwenye ya San Francisco isiyo nayo. Mwenye fedha kidogo asinunue yenye S kwa bei ya huruma, na akiweza aachane nayo kabisa.

Zinazobaki katika seti ya Lincoln hazimtii mtu umaskini. Ipo ya masuke isiyo na herufi, ya kati ya 1909 na 1917. Ipo ya mwaka 1943, iliyotengenezwa kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Hii ina rangi ya kijivu na wasioijua hudhani ni bandia. Mwaka 1959 masuke yaliondolewa, likawekwa jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Mwaka 1982 shaba ilipunguzwa, ikabaki ngozi tu juu ya zinki. Mwaka 2009, miaka 200 tangu Lincoln azaliwe, ilitolewa michoro minne, na mwaka uliofuata ikaja ngao. Nyingi ya hizi, zikiwa zimetumika, hupatikana kwa dola moja au pungufu.

Mtu akitaka kupanua mkusanyo wake hadi sarafu nyingine za Marekani, atakuta hata zile za Barber zilizochakaa zinanunulika, kwa kuwa ziligongwa nyingi. Kikwazo ni dhahabu. Dola 20 ya Saint-Gaudens ina takribani wakia moja ya dhahabu ndani yake, hivyo bei yake haiwezi kushuka chini ya bei ya madini hayo. Wakusanyaji wa kipato cha kawaida huiacha, wakaanza na Brenner.

Yeye mwenyewe hakukaa akiomboleza. Mwaka 1910 alichapisha kitabu kuhusu sanaa ya medali, akaendelea kuchonga, na mwaka 1918 chemchemi yake kubwa ya ukumbusho ilizinduliwa katika jiji la Pittsburgh. Mwaka huo huo, bila shamrashamra, herufi V.D.B. zilirudishwa kwenye senti. Safari hii ziliwekwa upande wa mbele, kwenye ukingo wa bega la Lincoln, ndogo kiasi kwamba mwenye macho mazima huhitaji lenzi kuzisoma. Barber alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Brenner alifariki dunia New York Aprili 5, 1924, akiwa na umri wa miaka 52, na akazikwa katika makaburi ya Mount Judah, eneo la Queens. Wakati huo masuke yake yalikuwa na miaka 34 zaidi ya kuishi, na Lincoln wake zaidi ya karne moja.

Mwaka 2012 chombo cha utafiti cha Curiosity kilitua kwenye sayari ya Mars kikiwa na senti moja ya mwaka 1909, ya muundo wa V.D.B., iliyobandikwa kwenye kibao cha kupimia ubora wa kamera. Picha zilizorudishwa duniani zinamwonyesha Lincoln akiwa na vumbi usoni. Herufi zenyewe hazionekani. Ziko upande wa nyuma, ulioelekea kwenye kibao.