Fumo Liyongo: Ushairi na Ngoma katika Kifungo

Fumo Liyongo wa Shaka, karibu na mlango wa mto Tana, ni shujaa na mshairi mashuhuri wa upwa wa kaskazini wa Waswahili. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu wakati wake; makadirio yao yanatofautiana kwa karne kadhaa. Maisha yake yanajulikana kwa simulizi, kwa maandishi aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870, na kwa utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, ambao M. M. Mulokozi aliuhariri katika Tenzi Tatu za Kale (TUKI, Dar es Salaam, 1999).

Kwa mujibu wa utenzi huo, mfalme wa Pate alichelea kunyang'anywa ufalme. Njama ya kumuua Liyongo juu ya mkoma iliposhindikana, alimtia gerezani kwa minyororo. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi walikinyang'anya. Ndipo Liyongo alipotunga shairi na kumpa Saada alihifadhi: mama aoke mkate wa wishwa, afiche tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate huo, nao ukamfikia mfungwa. Alipoulizwa haja yake ya mwisho, aliomba ngoma ya gungu na mwao. Akawafundisha watu nyimbo. Matuazi na vitikio vilipopaa, yeye alikuwa akikereza minyororo. Ilipokatika, akatoka.

Katika kisa hiki ushairi si pumbao la mfungwa. Shairi la kwanza linapita mbele ya walinzi na kumfikia mlengwa. Nyimbo za pili zinahitaji umati, kwani bila vitikio mlio wa tupa ungesikika. Hata hivyo, ukombozi huo si wa Liyongo peke yake. Bila kumbukumbu ya Saada na mkate wa mama, utungo ungebaki gerezani.

Baadaye Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Alifia kisimani, amepiga goti, upinde mkononi. Watu wakaogopa kuteka maji, na mama yake akaja kumbembeleza bila kujua kwamba amekwisha kufa.

Karne nyingi baadaye, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, alitunga gerezani tungo za Sauti ya Dhiki (1973). Ni yeye pia aliyekuwa miongoni mwa wataalamu walioandaa tungo zinazonasibishwa na Liyongo, zilizochapishwa Köln mwaka 2004.